Mhariri, picha ya ubongo kutoka safi haina maana mtu anajidekeza

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi ila kuandika ndo mara ya kwanza, kwahiyo nikipinda mtaninyoosha. Kilichonifanya nikae chini ni ule ukurasa wenu wa afya wa juzi juzi, ule wenye kichwa cha habari kikubwa kwamba mashine sasa inasoma sonona kwenye ubongo na inamwambia daktari ampe mgonjwa dawa ipi. Sijui nani aliukata, mimi nimeukuta tu asubuhi umebandikwa kwa selotepu kwenye ubao wa pale wagonjwa wanaposubiria, na ile picha ya ubongo yenye nyekundu na njano kama embe dodo lililoiva upande mmoja. Tangu siku hiyo haipiti siku mtu hajaja kaunta kuulizia bei ya "kile kipimo cha mawazo". Wengine wanauliza kwa sauti ya chini kabisa, wanainama mpaka paji la uso linagusa kioo.

Mimi ndo ninayewalaza watu kwenye hiyo mashine. Wanatuita watu wa mionzi japokuwa MRI, hii mashine ya kupiga picha za ndani ya mwili, haina mionzi kama ya eksirei hata chembe, ni sumaku, tena sumaku ambayo haizimwi, ukifunga ofisi usiku unaondoka yenyewe bado inavuta. Ya kwetu nguvu yake ya sumaku ni tesla 1.5, ukiingia na kiti cha magurudumu cha chuma utakiona kinaondoka chenyewe. Kwahiyo kabla mtu hajaingia nampekua: hereni, saa, funguo, mkanda, pini za nywele, sidiria yenye waya, kadi za benki. Wadada wa nywele za kushonea namuuliza mmoja mmoja kama kuna uzi wa chuma. Alafu kuna hirizi. Mtu hakwambii ana hirizi mpaka umwambie ile mashine itaivuta, hapo ndo unaona mkono unaingia kiunoni taratibu na macho yanaangalia pembeni. Mimi huwa nageuka ukutani, naweka kibakuli mezani, nasema weka humo utaikuta.

Sasa wiki iliyopita kaja mama mmoja na binti yake wa chuo. Karatasi ya daktari imeandikwa maumivu ya kichwa na kukosa usingizi. Binti haongei, anaitikia kwa kichwa tu. Nikamlaza, nikamvika ile kitu ya kichwani ambayo imekaa kama tenga la kuku, nikampa kampira ka kuminya akizidiwa, sponji za masikioni maana kelele zake ni kama fundi anatoboa zege chumba cha pili, tukapiga dakika ishirini na kitu. Natoka nje mama ananidaka mlangoni.

"Mwanangu, mmeyaona?"

"Tumeona nini mama?"

"Si mawazo yake."

Nikamwambia mama, mawazo hayaonekani humu, humu tunaona nyama ya ubongo, mishipa, maji, kama kuna uvimbe au damu imevuja, na ripoti ataandika daktari, mimi ni mpiga picha tu. Akaniangalia, akageuka akaangalia ule ukurasa wenu pale ubaoni, akaniangalia tena. "Kwahiyo gazeti limedanganya?"

Hapo ndo shida yangu ilipo Mhariri, kwa sababu gazeti halijadanganya ila halijasema kweli yote pia, na mimi nimesimama pale mlangoni na glavu mkononi nikakosa jibu fupi. Jibu refu ndo hili.

Kwanza niitetee mashine yangu. Kuna watu wengi wanaambiwa wamepandisha majini au wamechanganyikiwa kumbe kuna kitu kabisa kichwani kinachoonekana. Uvimbe ukikaa sehemu ya mbele ya ubongo unaweza kumbadilisha mtu tabia, mpole akawa mtukanaji, msafi akawa haogi, na mwili mwingine wote mzima. Na sisi hapa tuna tegu la nguruwe, kule Mbulu na mikoa ya nyanda za juu kusini wanalijua vizuri, mayai yake ukiyala kwenye mboga au maji machafu yanaweza kwenda kutengeneza vijifuko ndani ya ubongo, mtu anaanguka kifafa, mwingine anavurugikiwa akili, na kwenye picha vile vijifuko vinaonekana peupe kama punje za uwele. Kwa mambo kama hayo kapige picha, tena kimbia.

Ila sonona yenyewe, wasiwasi uliopitiliza, hata zile hali za mtu kusikia sauti, kwenye picha ya kawaida kama ninayopiga mimi havionekani. Daktari anaandika kwamba hajaona tatizo, mtu anarudi nyumbani na bahasha kubwa. Na hiyo bahasha inaweza kumuumiza mtu, nalisema hilo kwa sababu limetokea kwetu.

Mdogo wangu wa mwisho ni fundi wa mafriji na viyoyozi, kijana mchapakazi, alikuwa na wateja mpaka Kigamboni. Ikafika kipindi akaanza kuzima simu. Mara haendi kazini, mara haogi, anaamka saa tisa usiku anakaa kwenye ngazi mpaka asubuhi, ukimuuliza una nini anasema sina kitu kaka, nimechoka tu. Mama akawa anasema katupiwa, mzee yeye anasema uvivu na simu. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema tusibishane, mashine ninayo, tukapige picha. Nikatoa nusu ya hela, mzee akachangia nusu kutoka kwenye mafao yake, nikamlaza mwenyewe siku ya Jumapili mashine ikiwa haina foleni. Ripoti ikatoka. Nikampigia mzee, shikamoo baba, marahaba, vipi. Nikamwambia, kwa furaha kabisa, picha imetoka safi.

Mhariri, lile neno safi nalijutia mpaka leo. Mzee aliichukua ile fimu, akawa kila akija mgeni anaitoa kwenye bahasha anaisimamisha dirishani ili mwanga upite, anaonyesha kwa kidole, "Ona, ubongo mzima huu, hauna hata doa, sasa mtu mwenye ubongo kama huu anashindwaje kwenda kazini?" Baba mdogo akaonyeshwa, jirani akaonyeshwa, mpaka fundi bomba aliyekuja kuangalia tanki akaonyeshwa. Na mdogo wangu yuko chumba cha pili anasikia. Alikuwa ameshaanzishiwa vidonge kliniki, amitriptilini, vilikuwa vinamkausha mdomo na kumlaza mpaka saa sita mchana lakini alikuwa anajitahidi, basi akaviacha. Alivyonijibu nilipomuuliza ni hivi, "Si umesema mwenyewe kaka, niko safi." Tukapoteza miezi minne hapo.

Ndo maana mtu akiniambia picha ya ubongo kwa ajili ya sonona huwa nakaa vizuri kwenye kiti.

Sasa huo utafiti mliouandika. Nimeutafuta, nadhani mlikuwa mnausema ule wa Chuo Kikuu cha Stanford, California, uliotoka mwaka 2024 kwenye jarida la Nature Medicine, kiongozi wake ni profesa Leanne Williams. Huyu mama mwenyewe alimpoteza mwenzi wake kwa sonona mwaka 2015, kwahiyo hii kazi kwake ni ya ndani kabisa. Na walichofanya ni kitu kikubwa, sibishi, ila ni tofauti na ninachofanya mimi, hata kama mashine kwa nje zinafanana. Wao wanatumia MRI ya utendaji, kwa kifupi fMRI. Mimi napiga picha ya nyumba, wao wanaangalia nani anaingia na kutoka.

Niieleze hivi. Panda ghorofani pale Kariakoo uangalie chini. Husikii watu wanaongea nini dukani, huoni wanauziana nini, ila unaona bodaboda wanamiminika mtaa gani. Ukiona zimejaa mtaa huu na ule mwingine kwa wakati mmoja, unajua kuna shughuli na inawezekana hiyo mitaa miwili wanafanya biashara pamoja. fMRI ndo hivyo hivyo. Sehemu ya ubongo ikifanya kazi inaletewa damu yenye oksijeni, na damu yenye oksijeni na isiyo nayo zina tabia tofauti mbele ya sumaku, mashine inanasa hiyo tofauti. Haisomi wazo. Inahesabu bodaboda, tena kwa kuchelewa sekunde kadhaa maana damu haifiki papo hapo.

Basi walichukua wagonjwa 801 wa sonona na wasiwasi, karibu wote hawakuwa kwenye dawa, wakawaangalia wakiwa wamelala tu hawafanyi kitu, na wakiwa wanapewa vijikazi, mfano kuangalia sura za watu wenye huzuni au kujizuia usibonyeze kitufe kikitokea kitu fulani. Alafu wakaipa kompyuta iwapange watu kulingana na njia zao za ubongo zinavyowasiliana. Yakatoka makundi sita. Yaani ugonjwa tunaouita kwa jina moja, sonona, ndani kuna watu wa aina sita, na inawezekana wote kwa nje wanakwambia kitu kilekile, sina hamu ya kula, silali, nimechoka.

Alafu ndo sehemu tamu. Watu 250 kati ya hao walipewa matibabu kwa bahati nasibu, ama moja ya dawa tatu ama tiba ya mazungumzo. Kundi ambalo zile sehemu za kufikiri zilikuwa zinachemka kupita kiasi walinufaika zaidi na dawa ya venlafaksini. Kundi lingine ambalo wakiwa wamelala tu sehemu fulani tatu za ubongo wao zinawasiliana sana, hao mazungumzo yaliwasaidia zaidi. Na wengine ambao njia ya umakini ilikuwa chini, mazungumzo peke yake hayakuwafaa sana. Ukishaishi na mgonjwa unaelewa hii ina thamani gani. Kuna utafiti mwingine mkubwa wa Marekani wa miaka ya nyuma, wanauita STAR*D, ulionyesha kwenye dawa ya kwanza ni kama mtu mmoja kwa kila watatu ndo anayepona kabisa. Waliobaki wanahamishiwa dawa nyingine, unasubiri wiki nne, sita, nane, kama haijakaa unabadilisha tena, na muda wote huo mtu yuko kitandani, kazi inaota mbawa na mke anapigiwa simu na mwenye nyumba. Ukiweza kujua mapema kwamba huyu wa mazungumzo na yule wa kidonge fulani, umeokoa miezi ya mtu.

Kwahiyo ndio, njia ni nzuri. Ila mwandishi wenu aliandika "inamwambia daktari" kana kwamba ukienda kesho unatoka na karatasi ya dawa. Hapana. Yale ni matokeo ya makundi, ya wastani wa watu wengi, na kutoka kwenye kundi kuja kwa mtu mmoja aliyelala pale mbele yangu na kampira mkononi kuna safari bado. Chama cha madaktari wa magonjwa ya akili cha Marekani kilikaa na wataalamu wake mwaka 2018 wakapitia hizi picha zote, wakasema bado hazijafikia kiwango cha kumtambua mgonjwa mmoja mmoja kwenye kliniki. Na pamoja na hivyo hukohuko Marekani kuna watu wanauza picha za rangi za ubongo kwa maelfu ya dola, wanakwambia huu hapa ndo unyonge wako. Mimi naogopa hiyo biashara ikifika hapa, kwa sababu najua ilivyo rahisi. Zile rangi, Mhariri, hazimo kwenye ubongo. Ubongo kwenye mashine ni kijivu. Rangi anachagua mtu kwenye kompyuta, akitaka anaweka nyekundu, akitaka kijani, na anachagua pia aanzie kiwango gani kupaka, ukishusha kiwango kidogo tu ubongo mzima unawaka kama Mtaa wa Kongo mkesha wa Idi.

Kuna kisa kimoja huwa nawasimulia wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo wakija kwetu. Mwaka 2009 kuna jamaa anaitwa Craig Bennett na wenzake walimchukua samaki, salmoni, amekufa, wa kununua, wakamlaza kwenye fMRI. Wakamwonyesha picha za watu wakiwa kwenye matukio mbalimbali, wakamuuliza, kwa heshima zote, huyu mtu unadhani anajisikiaje. Walipochakata data kwa njia ya kizembe, kuna vidoti kwenye ubongo wa yule samaki vikawaka. Samaki amekufa! Sababu ni kwamba ile picha ina makumi ya maelfu ya vidoti na kila kimoja unakipima, ukirusha kokoto nyingi hivyo gizani lazima moja impate mtu, kwahiyo usipofanya masahihisho ya hesabu utapata chochote unachokitaka. Walipofanya hesabu sawasawa, samaki akarudi kuwa maiti. Mwaka 2012 wakapewa tuzo ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza alafu zinakufikirisha. Wanafunzi wanacheka sana, mpaka niwaambie waniletee ripoti zao tuangalie samaki yuko wapi.

Na sio samaki tu. Mwaka 2022 kwenye jarida la Nature walitoa uchambuzi wa picha za watu kama elfu hamsini, wakaonyesha kwamba ukitaka kuunganisha ubongo na tabia ya mtu na ukapata jibu linalorudiwa, unahitaji maelfu ya watu, wakati tafiti nyingi zilizotangulia zilikuwa na watu ishirini na kitu. Ndo maana kila mwaka mnasikia "wanasayansi wamegundua" alafu kimya. Stanford na watu wao 801 wako mbali kuliko wengi, na bado wenyewe wanasema waendelee kupima.

Nisije nikaonekana nakatisha watu tamaa, kuna sehemu moja ambapo picha ya ubongo wa mtu mmoja tayari inatumika kumtibu huyo huyo mtu. Pale pale Stanford kuna tiba wanaiita SAINT, FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, iliiruhusu mwaka 2022 kwa wagonjwa wa sonona ambayo dawa zimeshindwa. Wanakupiga fMRI kwanza, wanatafuta kwenye ubongo wako wewe, sio wa jirani, ile pointi ya mbele kushoto iliyounganika na sehemu ya ndani inayohusika na huzuni, alafu wanaielekezea sumaku kwa nje ya kichwa, vipindi kumi kwa siku, siku tano, jumla hamsini. Kwenye jaribio lao la watu 29, karibu asilimia 79 ya waliopata sumaku ya kweli sonona iliondoka, wakati waliowekewa ya kuigiza ni kama asilimia 13. Watu 29 ni wachache, nakubali, ila mtu aliyekaa miaka na huu ugonjwa akisikia siku tano anaweza kulia. Ukiniuliza mimi, stori yenu ilitakiwa ianzie hapo, kwenye picha inayomwonyesha fundi mahali pa kugonga. Habari ya mashine inayotangaza majibu ingekuja baadaye.

Turudi huku kwetu. Tuseme kesho asubuhi Stanford wamemaliza kila kitu, na skani yako imesema wewe ni wa venlafaksini. Unaipata dirisha lipi? Madirisha mengi ya dawa ninayoyajua utakuta amitriptilini, utakuta fluoksetini kama una bahati, basi. Tuseme imesema wewe ni wa mazungumzo. Nani wa kuongea nawe, wakati madaktari wa akili tulionao ni wa kuhesabu na wengi wako mijini, na mtu wa Nachingwea au Kasulu neno pekee analolijua kuhusu magonjwa ya akili ni Mirembe, ile hospitali ya akili ya Dodoma, tena kama tusi? Na mashine zenyewe za MRI ziko wapi. Kuna jamaa wa pale Mbarara, Uganda, mhandisi Johnes Obungoloch na wenzake kutoka Uholanzi na Marekani, wameunganisha MRI ndogo ya sumaku dhaifu, mwaka 2022, kwa ajili ya kuangalia watoto wenye vichwa maji, na mimi hilo lilinifurahisha kuliko rangi zote za California. Ila mashine ya namna hiyo inaona maji na nyama, kuhesabu bodaboda haiwezi.

Na kuna hili la vichwa vya nani. Ile kompyuta ilijifunza makundi sita kutoka kwa watu waliokuwa karibu na hizo mashine, na karibu na hizo mashine sio Tandahimba. Sisemi ubongo wa Mmakonde ni tofauti, damu ni damu na oksijeni ni oksijeni. Ila mtu aliyelala kwenye mashine anaangalia sura za wazungu wenye huzuni wakati yeye kalelewa kutomkazia macho mkubwa, au haijui kabisa ile kazi ya kubonyeza vitufe, je tunachopima ni sonona au ugeni? Hata nywele ni kikwazo, tafiti za kupima umeme wa ubongo zinabandika vidude kwenye ngozi ya kichwa, na wenye rasta na misuko wanaachwa nje kimya kimya, hilo hata Marekani wenyewe limewasumbua. Vyuo vyetu vya afya vikiwa na mashine na wanafunzi wa kutosha, sehemu ya kuanzia ni hiyo, kupata vichwa vyetu kwenye hesabu kabla hesabu hazijafungwa.

Kwa upande wa mazungumzo lakini hatuna haja ya kusubiri mtu. Zimbabwe daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wa mtaani kukaa kwenye benchi nje ya kliniki na kumsikiliza mtu mwenye "kufungisisa", kwa Kishona ni kuwaza kupita kiasi, yaani kitu kilekile ambacho yule mama aliniuliza mlangoni. Walipima kwenye kliniki 24 za Harare, matokeo yalitoka 2016 kwenye jarida la JAMA, waliokaa na bibi walipungukiwa dalili kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi ni mbao na misumari. Sisi mabibi tunao, na hapa niongeze kwamba wanapenda kuongea.

Mdogo wangu alirudi kliniki baadaye, wakambadilishia wakampa fluoksetini, wiki za kwanza zilikuwa ngumu, alikuwa anatetemeka mikono. Alafu kuna nesi mmoja pale, mama mtu mzima, alikuwa anakaa naye kila Alhamisi, nusu saa, wakati mwingine wanaongelea mafriji tu. Sasa hivi amerudi kazini, sio kama zamani lakini simu anapokea. Kilichomponya ni kidonge, ni nesi, ni muda, hakuna anayeweza kuniambia, na hilo ndo swali lilelile wanalohangaika nalo kina profesa Williams na mamilioni ya dola. Mzee sasa hivi hasemi tena uvivu. Fimu bado iko juu ya kabati, niliiomba niitupe akakataa, anasema aliilipia.

Ombi langu kwako Mhariri ni dogo. Andikeni tena, safari hii mseme wazi vitu vitatu vinne: kwamba hapa nchini hakuna kipimo cha picha kinachotambua sonona, mtu asiuze simu yake kuja kwetu kwa ajili hiyo, kwamba mwenye kichwa kinachouma kwa namna mpya, kifafa kilichoanza ukubwani, au tabia iliyobadilika ghafla, huyo aende kwa daktari na picha anaweza kuihitaji kweli, kwamba ripoti ikisema hakuna tatizo lililoonekana inamaanisha hakuna uvimbe wala damu, haimaanishi mgonjwa anaigiza, na kwamba mtu asiache dawa kwa sababu ya fimu. Mkiweza muulizeni daktari wa akili mwenyewe, msiniulize mimi, mimi ni mpiga picha.

Yule binti wa chuo ripoti yake ilitoka haina kitu. Safari hii niliikunja nikamwita mama pembeni, nikamwambia mama, hii karatasi inasema hakuna uvimbe, mwanao bado anaumwa, mrudishe kwa daktari Jumatatu, usimwonyeshe mtu hii picha. Akauliza hata baba yake? Nikamwambia hasa baba yake.

Mkiichapa hii barua nitaikata niibandike pale ubaoni, pembeni ya ule ukurasa wenu. Selotepu ninayo.

Ni mimi msomaji wako,
Mpiga picha wa MRI, Temeke, Dar es Salaam